Fundi Sikio na Mashine Bubu

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti na vinywani mwa ndugu wachache. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, naye aliitika kwa raha kama mtu aliyetunukiwa cheo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viyoyozi na hita za majumbani, na njia yake ya kutafuta ubovu ilikuwa moja tu: kuinama, kubandika sikio la kulia kwenye ubavu wa mashine, kufumba macho, na kutulia kama jirani anayesikiliza ugomvi wa wenzake ukutani. Mwenye nyumba akianza kueleza, mara inavuja, mara inanuka, mara juzi ilitoa cheche, Sikio alimwinulia kidole anyamaze. Halafu alinyanyuka na kutoa hukumu. Feni imelegea. Kompresa imechoka ila haijazeeka. Humu ndani kuna mjusi. Na kweli mjusi alitoka, pengine akiwa hai, pengine amekauka kama soksi iliyosahaulika juani.

Watu walidhani ni kipaji. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alisema ni uvivu wa kutumia macho. Ukweli ulikuwa kati kwa kati. Sikio alipokuwa kijana aliajiriwa kubeba maboksi kwenye karakana ya mzee mmoja aliyekuwa bingwa wa majokofu na viyoyozi, na bingwa huyo alikuwa amekwisha kuharibiwa masikio na kelele za mashine hizo hizo. Siku moja akamvuta yule mbeba maboksi kwa kola, akambandika kichwa kwenye kiyoyozi, akamuuliza kinaliaje.

"Kama mtu anayetafuna mfupa," kijana akajibu.

"Basi ni beringi hiyo," mzee akasema, na ajira ikabadilika palepale. Kuanzia hapo mmoja alisikia na mwingine akajua maana yake, mpaka elimu yote ya mzee ikahamia kichwani mwa kijana kupitia tundu moja la sikio. Macho hayakuhusishwa. Mikono ilikuja baadaye, kwa ajili ya kufungua nati.

Ufundi huo ulimlisha, ulimwozesha, ulimsomeshea binti yake wa pekee, na ulimjengea nyumba yenye vyumba ambavyo kila kimoja kilikuwa na mashine ya ajabu ajabu. Sikio hakutupa mashine iliyokufa. Alitoa feni kwa marehemu huyu, kompresa kwa marehemu yule, bati kwa wa tatu, akaviunga vikafufuka kwa pamoja vikiwa na hasira. Iliyokuwa kwenye chumba cha binti, mkewe Sikio aliipa jina la Trekta. Ilikuwa imepachikwa kwenye tundu la ukuta chini ya dirisha, na ilipowashwa glasi zilitembea mezani. Binti alikulia chini ya Trekta, akasomea hapo, akapiga simu zake za kwanza za mapenzi hapo, na kwa sababu hiyo siri hizo zilisikika mpaka barabarani. Hata alipokwisha kuolewa, mtu aliyezungumza naye kwa simu alijifunza kuisogeza mbali kidogo na sikio.

Basi binti akajifungua mtoto wa kiume, huko kwa mumewe. Akapumzika kwanza kwa mama mkwe wake, mwanamke mpole, mwenye nyumba tulivu na chumba kisicho na hata nzi. Mkewe Sikio alimsifu mkwe mwenzake huyo kila siku, na kila sifa ilitoka kama jino linalong'olewa. Alichotaka ni kimoja: binti aje kwao na mtoto, akae mpaka apate nguvu. Sikio naye alitaka hivyo hivyo, ila yeye hakusema. Alichofanya ni kupita mbele ya chumba kile mara kwa mara kama mlinzi asiye na lindo.

Binti alipopiga simu alisema anatamani sana kuja. Tatizo lilikuwa chumba. Mji wao ulikuwa na mchana wa kuchemsha ubongo na usiku wa kugonganisha meno, na Trekta ilijua mchana tu. Usiku ilikuwa tundu la kuingiza baridi. Isitoshe mtoto alikuwa wa kushtuka. Mlango ukifungwa, anatupa mikono juu.

"Baba, nakupenda wewe," akasema, na Sikio akaisogeza simu. "Lakini Trekta hapana."

Mkewe akaweka futi yake ya kupimia nguo chini. Alipoiweka chini futi ile, watu wa nyumba hiyo walijua kwamba mjadala umefungwa. Akamwambia mumewe achague: chuma chake au mjukuu wake.

Sikio akala kiburi chake. Akaenda kununua mashine mpya, ya zile zinazopoza mchana na kupasha joto usiku, na ili asiuziwe mbuzi kwenye gunia akamwomba Rimoti amsindikize dukani. Rimoti alikuwa fundi mwenzake wa umri mdogo zaidi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa begi lake lilijaa rimoti za kila kampuni kuliko spana. Sikio ndiye aliyempa jina hilo, kwa dharau, na lilipokaa likakaa kwa heshima, jambo ambalo lilimkera. Rimoti alichagua vizuri. Alipojitolea kuja kuifunga, Sikio akamshukuru kwa adabu ambayo maana yake ni toka hapa. Aliifunga mwenyewe. Trekta ikang'olewa, tundu likazibwa kwa matofali na kupakwa rangi, mashine ya ndani ikawekwa juu ukutani, ya nje ikawekwa uani, na mabomba ya shaba yaliyoziunganisha akayapanua midomo na kuyakaza kwa mkono wake, taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Akaijaribu chumba kikiwa na joto. Ikavuma kidogo, akaridhika.

Siku ambayo binti alikuwa aje kukiona chumba, mkewe alideki mpaka sakafu ikaomba msamaha. Akawasha mashine tangu asubuhi, akashusha mapazia, akafunga mlango kwa ufunguo ili mtu fulani mwenye viatu vya kazi asiingie, akautia ufunguo kwenye pochi na kwenda dukani kununua sabuni ya mtoto. Mtu fulani mwenye viatu vya kazi akarudi saa saba mchana, akitokea kwa mteja ambaye hita yake ilikuwa ikinguruma kama inayodai haki, na masikio yake yalikuwa bado yamejaa mngurumo huo. Akaukuta mlango umefungwa. Akazunguka uani. Akabandika sikio kwenye mashine.

Kimya.

Akabandika la kushoto, ambalo kwa kawaida hakulipa kazi. Kimya. Pengine kitu kama pumzi ya paka aliyelala, lakini kwa Sikio hiyo haikuwa sauti. Katika maisha yake yote kompresa nzima ilikuwa ile inayosikika, na kompresa isiyosikika ilikuwa ya kufunikwa shuka.

Mashine hizi mpya zina tabia ya mgeni mwenye adabu. Chumba kikishapoa, hazizimi kwa kishindo na kuwaka kwa kishindo kama zile za zamani. Hupunguza mwendo mpaka kubaki zinanong'ona. Sikio alikuwa amesikia habari hizo, Rimoti alikuwa amewahi kumhubiria, lakini kusikia habari na kuwa na jasho la hofu mgongoni ni vitu viwili. Angeweza kushika bomba kwa kiganja, akahisi lilivyokuwa baridi. Hakushika. Alikwisha kupata jibu kwa sikio: gesi imevuja, na imevuja kwenye kiungo alichokikaza yeye. Binti yuko njiani, na baba yake ameshindwa kukaza nati. Aibu hiyo ndiyo iliyomtuma.

Akazima swichi ya nje, akachukua spana mbili, akalegeza nati ili akipanue upya kile kinywa cha bomba.

Pssssssh.

Hiyo ndiyo ikawa sauti ya kwanza ya maana aliyowahi kuisikia kutoka kwenye mashine ile, na ilikuwa sauti ya uhai wake kutoka. Gesi yote ilikuwemo. Ilimrukia vidoleni kwa baridi ya kuunguza, spana moja ikamponyoka na kwenda kulala nyuma ya mashine, akawa anaihangaikia huku anapuliza vidole. Zilikuwepo vali mbili za kuifungia gesi ndani kabla ya kulegeza kitu, hapo hapo mbele ya pua yake. Alizikumbuka gesi ilipokwisha.

Mkewe alirudi na sabuni akamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja ndani ya kopo la maji. Akaenda kufungua chumba, akatoka na uso wa kushangaa, akasema chumba kiko vizuri kabisa, kina ubaridi wa kufaa, sasa yeye anaomboleza nini.

"Huo ndio wa mwisho," Sikio akasema. "Ukifungua mlango sana utatoka."

Akamweleza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, jambo lililomtisha Sikio kuliko makelele. Kisha akasema ampigie Rimoti. Sikio akasema bora aende kumwomba radhi Trekta. Walikuwa katikati ya hayo teksi iliposimama getini, mapema kuliko walivyotarajia, na binti akateremka na sanduku lake, na mtoto amefungwa kifuani kama kifurushi cha thamani. Mama akamnong'oneza mumewe haraka kwamba aseme umeme umekatika. Ila redio ya jirani ilikuwa inaimba, na feni ya kwenye chumba cha cherehani ilikuwa inazunguka, hivyo uongo huo ungekufa kabla haujavuka kizingiti.

Sikio akamtazama mjukuu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila kioo cha simu. Uso ulikuwa mdogo kuliko kifuniko cha chujio la kiyoyozi, na umekunjwa kwa dharau, kana kwamba ameshapewa taarifa.

"Mwanangu, mashine ilikuwa nzima," akasema. "Nimeiharibu mimi, sasa hivi. Nilidhani imekufa."

"Kwa nini ulidhani imekufa?"

"Ilikuwa imenyamaza."

"Kwa hiyo kitu kikinyamaza humu ndani kinafunguliwa, Baba?"

"Ndiyo maana mimi sinyamazi," mama akasema, akampokea sanduku.

Binti akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa kipimo cha Trekta, mtoto akatupa mikono juu na kuanza kulia. Wakaingia kwenye chumba cha cherehani, penye feni, wakamweka mtoto juu ya meza ya kukatia nguo kati ya vitambaa, bibi akimwita mume wangu na kumwahidi kwamba babu yake atashughulikiwa. Sikio akabaki mlangoni, kwa sababu ya viatu. Na hapo binti akamweleza baba yake kwa sauti ya chini, ya chini kwa kadiri alivyoweza, kwamba amemwambia dereva wa teksi arudi jua likizama. Kama chumba kitakuwa tayari, dereva ataondoka peke yake. Kama sivyo, yeye na mtoto watarudi kwa mama mkwe, na hawezi kuahidi lini atabeba tena mizigo yote hii na kidonda cha uzazi.

"Si hasira, Baba," akasema. "Usiku wa huku ni baridi, na huyu bado hana nyama."

Sikio akageuka pale mlangoni. Akaenda uani, akapiga simu.

Rimoti alipokea kwa mbwembwe zake za kawaida, akiuliza afya ya mzee, afya ya Mama, afya ya mashine. Sikio akamwambia ya tatu ndiyo mgonjwa. Ikabidi aeleze yote, pamoja na ile pssssh, na upande wa pili ukawa kimya kwa muda. Sikio alijua anacheka huku ameziba simu kwa kiganja. Hata hivyo Rimoti alifika upesi, pikipiki imelemewa na mtungi wa gesi ya aina inayotakiwa, pampu ya kunyonya hewa na mzani mdogo. Alivua kofia ya pikipiki, akaitazama mashine, akamtazama mzee.

"Sasa mzee wangu, ulitaka ikuimbie?"

"Fanya kazi yako."

"Naifanya. Nauliza tu kama nikimaliza niiwekee na kengele, ili ujue iko hai."

"Wewe nilikubeba mgongoni kukutoa kwenye paa la yule mwalimu ulipoogopa kushuka," Sikio akasema. "Nikisema leo hapa, utapanda pikipiki ukiwa umejifunika uso."

Rimoti akakubali kwamba hilo lisisemwe, na kazi ikaanza. Alimwachia Sikio kiungo, akijua huyo mzee hana mpinzani kwenye shaba. Sikio akakata ncha ya bomba, akaipangusa, akaipanua mdomo sawasawa kama mdomo wa tarumbeta, akaikaza, vidole vyake vilivyoungua vikimuuma kila alipozungusha. Rimoti akaingiza gesi kidogo ya kujaribia, akakagua kwa povu la sabuni, hakuna hata tone lililopumua.

"Kile kiungo cha mwanzo pia hakikuwa na kosa," akasema, safari hii bila utani. "Ungekiamini tu."

Pampu ikawashwa inyonye hewa yote iliyoingia kwenye mabomba, na pampu hiyo ilikuwa na kelele nzuri, ya kizamani, hata Sikio akaisogelea kidogo kama mtu aliyekutana na mwenyeji wa kwao ugenini. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Hewa ikibaki ndani, mashine haifiki mbali. Kivuli cha ukuta kikatambaa uani. Ndani, mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena, na kila aliponyamaza Sikio aligeuza shingo. Mkewe akachungulia dirishani kuuliza kama wanatengeneza kiyoyozi au wanakizaa. Hatimaye Rimoti akaupandisha mtungi kwenye mzani, akaiachia gesi iingie taratibu mpaka kipimo kikatimia, wakafunga, wakawasha swichi. Jua lilikuwa limekwisha kuwa jekundu na hewa imeanza kuuma, kwa hiyo binti aliyekuwa amehamia chumbani na mtoto akaambiwa abonyeze upande wa joto.

Mashine ikatetema kidogo. Ikatulia.

Sikio akainama, kichwa kikienda chenyewe ubavuni mwa mashine. Rimoti akamdaka bega.

"Hapana, mzee. Lete mkono."

Akauchukua mkono wake na kuubandika juu ya bomba. Mwanzo shaba ilikuwa ya kawaida tu. Kisha joto likaanza kuja, dogo, la kusitasita, likapanda, likajaa kiganjani, mpaka Sikio akalazimika kuondoa vidole vile vilivyoungua na baridi. Akavitazama. Baridi mchana, joto jioni, vidole vile vile.

Getini teksi ikapiga honi.

Hakuna aliyetoka. Rimoti akaacha kukusanya spana. Mashine ilikuwa imenyamaza kiasi kwamba Sikio, aliyesimama nje ya ukuta ule kwa miaka mingi bila kusikia kitu zaidi ya Trekta, akasikia kinachoendelea chumbani. Alisikia hatua za binti. Alisikia zipu ya sanduku ikikimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, na moyo ukamlipuka, kwa maana zipu inayofunga na inayofungua hulia sawasawa, hata kwa sikio lake. Honi ikarudia. Ndipo zikaja kelele nyingine, nyembamba: vibanio vya kutundikia nguo vikiburuzwa kwenye chuma cha kabati, kimoja, kingine, kingine.

Sikio akapangusa mikono kwenye suruali na kwenda getini mwenyewe. Dereva akaanza kufungua buti. Sikio akamwekea mkono juu ya buti, akaifunga polepole, asije akaipiga kwa nguvu mtu fulani akatupa mikono juu.

"Nenda tu, mwanangu," akamwambia. "Abiria wako amefika kwao."

Aliporudi alivua viatu bila kuambiwa, akaingia. Rimoti alikuwa ameshakaribishwa, amekaa kwenye ukingo wa kiti, anamfundisha bibi vitufe vya rimoti, na bibi tayari anabisha. Bibi alitaka joto lipandishwe, mtoto asije akapata mafua. Binti alitaka lipunguzwe, mtoto si mkate. Bibi akasema yeye amelea bila kuhesabu nyuzi joto na aliyemlea ndiye huyo anayembishia. Wakamgeukia Sikio, kila mmoja kwa upande wake, atoe hukumu ya kitaalamu.

Sikio alikuwa amekwisha kumpokea mjukuu, amemlaza kwenye mkono ule usiouma, na alikuwa ameinama, sikio la kulia karibu kabisa na kifua kile kidogo, macho amefumba. Akainua kidole wanyamaze.

Wakanyamaza, hata mkewe.

"Huyu anasikika," akasema. "Hafunguliwi."